Kicheko cha Mgeni na Kicheko cha Ndugu: Kumbukumbu za Kuitazama The Simpsons Kisiwani Mafia

1.0 Utangulizi

Kila nilipoingia katika nchi za Ulaya nikiwa mwanafunzi, afisa aliyepokea pasipoti yangu alituliza macho kwenye mstari mmoja, yaani ule wa mahali pa kuzaliwa. Hapo paliandikwa Mafia. Wengine walitabasamu, wengine walimwita mwenzao aje aone. Mmoja aliniuliza iwapo baba yangu hutembea na bastola. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Bweni, kijiji kilichoko ncha ya kaskazini ya kisiwa chetu, na silaha zake zilikuwa mshipi na dema. Nilijifunza kucheka pamoja na maafisa hao kabla hawajamaliza mzaha wao, maana anayecheka upesi hupigiwa muhuri upesi.

Jina la kisiwa hicho halina uhusiano na magenge ya Sisilia. Wenyeji husimulia kwamba limetokana na maneno “mahali pa afya”, maelezo ambayo sisi wanaisimu huyaweka katika fungu la etimolojia za watu, yaani yale maelezo yanayoeleza zaidi fahari ya wasemaji kuliko asili ya neno. Lakini hilo si mada ya insha hii. Nimeanza na afisa wa mpakani kwa sababu nataka kuzungumzia kicheko: kicheko cha mgeni asiyetujua, na kicheko cha ndugu anayetujua sana. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kicheko cha kwanza ndicho kinachojeruhi. Kilichonifundisha vingine ni kipindi kimoja cha katuni ya Kimarekani, kilichotazamwa usiku mmoja katika kiwanja cha nyumba ya mjomba wangu.

Msomaji huenda akashangaa kuona katuni katika kurasa ambazo kwa kawaida hujadili ngeli, vitenzi na tenzi. Namwomba avumilie. Mwisho wa safari hii tutaikuta lahaja, tena lahaja inayokaribia kuzimika.

2.0 Mfululizo wenyewe na msimu wake wa 12

The Simpsons ni mfululizo wa katuni wa vichekesho kuhusu familia moja ya mji wa kubuni uitwao Springfield: baba mvivu na mlafi aitwaye Homer, mkewe Marge, na watoto wao Bart, Lisa na Maggie. Wote wana ngozi ya manjano. Uliasisiwa na mchoraji Matt Groening. Ulianza mwaka 1987 kama vijisehemu vifupi ndani ya kipindi cha mchekeshaji Tracey Ullman, ukawa mfululizo kamili tarehe 17 Desemba 1989, na ungali ukitengenezwa hadi leo baada ya vipindi zaidi ya 750. Tukumbuke kwamba mwaka ulipoanza, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994.

Yapo mambo mawili kuhusu mfululizo huo ambayo yafaa yatajwe mapema. La kwanza ni kwamba Groening aliwapa wahusika wake majina ya watu wa nyumbani kwake. Baba yake aliitwa Homer, mama yake Margaret, na dada zake wawili ni Lisa na Maggie. Kwa hiyo, kicheko hicho kilichozunguka dunia nzima kilianza kwa mtu kuwacheka watu wa kwao. La pili ni kwamba watungaji wake hawamwachi mtu. Wanawacheka marais wao, makanisa yao, shule zao, polisi wao na hata kampuni ya televisheni inayowalipa mishahara. Anayelalamika kwamba wamemcheka yeye hujibiwa kwamba Wamarekani wenyewe wamechekwa mara elfu.

Msimu wa 12 ulirushwa kuanzia tarehe 1 Novemba 2000 hadi 20 Mei 2001, nao una vipindi 21. Wapenzi wa mfululizo huo huukumbuka zaidi kwa kipindi kinachoitwa “HOMR”, ambamo Homer anagundulika kuwa na kipande cha kalamu ya rangi ndani ya ubongo, na ambacho kilitunukiwa tuzo ya Emmy mwaka 2001. Mimi naukumbuka kwa kipindi kingine, cha 17, kilichorushwa tarehe 1 Aprili 2001, ambacho kichwa chake kina neno la lugha yetu: “Simpson Safari”. Ndani yake familia hiyo inajishindia safari ya bure kwa sababu ya boksi kuukuu la biskuti zenye maumbo ya wanyama. Nchi wanayopelekwa ni Tanzania.

Kabla ndege haijatua, abiria wanatangaziwa kwamba wanakaribia Tanzania. Mara tangazo linasahihishwa kwamba nchi hiyo sasa inaitwa Zanzibar Mpya. Kisha linasahihishwa tena, na safari hii jina la kampuni ya soda ya Pepsi limetangulizwa mbele ya jina la nchi, kama kwamba taifa zima ni mashindano ya mpira yaliyopata mfadhili. Wageni wanapokewa na kiongozi wa watalii aitwaye Kitenge. Picha ya mtawala wa nchi, Muntu, imebandikwa hadharani, na wanaelezwa kwamba aliupata utawala kwa kupindua. Baadaye kuna kijiji cha Wamasai, kiboko mwenye hasira, na mwanamke mtafiti wa sokwe ambaye kila mtazamaji anatambua kwamba amechorwa kwa kumlenga Jane Goodall, aliyeanza kazi yake Gombe, mkoani Kigoma, mwaka 1960. Katika katuni, mtafiti huyo anawatumikisha sokwe wake kuchimba almasi. Mwishoni utawala umebadilika tena, na rais mpya ni Kitenge.

3.0 Waraka wa mwaka 2001

Nilikitazama kipindi hicho katikati ya mwaka 2001, katika bweni la chuo kimoja cha Ulaya nilikokuwa nikiandika tasnifu ya udaktari. Mwanafunzi mmoja wa Kimarekani alikuwa amerekodiwa kanda na nduguze. Aliniita kwa nia njema kabisa: “Njoo uione nchi yako.” Chumba kilikuwa na watu kama kumi. Walicheka, nami nikachelewa kucheka. Kwa mara ya kwanza, ule ustadi wangu wa mpakani ulinishinda.

Usiku ule niliandika waraka wa kurasa sita. Niliusoma mbele ya chama cha wanafunzi wa Kiafrika wiki iliyofuata, nao ukapigiwa makofi. Nakala yake ninayo hadi leo. Hoja zake kuu zilikuwa tatu. Kwanza, kwamba kitenge ni vazi, neno la ngeli ya KI-/VI-, na kumwita mtu Kitenge ni sawa na kumwita Mzungu kwa jina la Suruali. Pili, kwamba muntu si neno la Kiswahili. Sisi husema mtu, na watungaji wale waliokota neno hilo katika vitabu vya isimu, tangu Wilhelm Bleek alipozibatiza lugha zetu kwa jina la Kibantu katika karne ya 19. Tatu, kwamba Tanzania haijapata kupinduliwa. Kwamba Mwalimu Nyerere aling’atuka kwa hiari yake mwaka 1985. Na kwamba nchi yetu ni kisiwa cha amani ambacho hakikustahili kuchanganywa na nchi za mapinduzi na damu.

Leo nikiusoma waraka ule naona kwamba ufasaha wake ulizidi ukweli wake. Nianze na hoja ya kwanza. Kitenge ni jina la watu. Lipo Kongo, na kwetu lipo pia. Mpenzi yeyote wa michezo nchini anamjua mtangazaji Maulid Kitenge. Nije kwa hoja ya pili. Muntu nalo ni jina la mtu: Meja Jenerali Mugisha Muntu aliliongoza jeshi la Uganda kuanzia mwaka 1989 hadi 1998, naye ni mwanasiasa anayejulikana sana katika nchi hiyo. Ni kweli kwamba watungaji wale yaelekea hawakumjua yeyote kati ya hao wawili. Lakini mimi, mwanaisimu wa Afrika Mashariki, nilipaswa kuwajua watu wenye majina hayo kabla ya kusimama jukwaani na kutangaza kwamba hayapo.

Hoja ya tatu ndiyo inayonitia haya zaidi. Nilisema kwamba nchi yetu haijui damu, na nilisema hivyo mwaka 2001. Tarehe 26 na 27 Januari ya mwaka uleule, maandamano yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2000 yalizimwa kwa risasi Unguja na Pemba. Watu walikufa, na Wapemba wengi walivuka bahari hadi Shimoni, nchini Kenya, wakawa wakimbizi. Habari hizo nilizisoma nikiwa hukohuko Ulaya. Sikuzisahau nilipoandika waraka, niliziacha. Aidha, katika kumbukumbu zangu za siku ile, aliyekaa mstari wa nyuma bila kupiga makofi alikuwa kijana kutoka Wete. Hakuuliza swali. Nami sikumwendea baada ya kikao.

Hiyo haina maana kwamba katuni ile haikuwa na kosa. Anayechora nchi ya watu zaidi ya milioni 30, kama tulivyokuwa wakati ule, kwa kiboko, ngao na picha ya dikteta, amefanya uvivu. Wengine duniani wamelalamikia uvivu wa namna hiyo. Mwaka 2002 mfululizo huohuo ulipoipeleka familia ya Simpson Brazili, bodi ya utalii ya Rio de Janeiro ilitishia kwenda mahakamani, na mtayarishaji James L. Brooks akaomba radhi. Mwaka 2017 mchekeshaji Hari Kondabolu, Mmarekani mwenye asili ya Kihindi, alitoa filamu nzima kuhusu Apu, mhusika muuza duka anayesemeshwa Kiingereza cha lafudhi ya Kihindi. Na mwaka 2020 Hank Azaria, mwigizaji mweupe aliyekuwa akimpa Apu sauti, aliacha kufanya hivyo. Malalamiko, basi, yana nafasi yake. Ninachosema ni kwamba mlalamikaji sharti aje na mikono safi, na yangu haikuwa safi. Sikuligundua hilo hadi niliporudi Bweni.

4.0 Usiku wa Bweni

Msimu wa 12 ulitolewa katika diski mwaka 2009, nami nikaununua. Mwaka uliofuata, wakati wa likizo, niliuchukua kwenda nao nyumbani. Sikuwa na nia ya utafiti. Nilitaka kumwonyesha mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, jinsi tunavyosemwa huko duniani. Na kwa siri ya moyo nilitaka akasirike kama nilivyokasirika mimi, ili nipate mwenzangu.

Mjomba alikuwa nahodha wa jahazi mstaafu, mzee aliyekaribia miaka 80. Kiwanjani palikuwa na jenereta ndogo, televisheni iliyoazimwa kwa jirani, mkeka, na watu wapatao ishirini. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na kazi katika kibanda kimoja cha video huko Kilindoni. Kazi yake ilikuwa ya kusimulia. Wasomaji wa Bara wanaifahamu sanaa hiyo, ambayo jina la Lufufu lilipata umaarufu ndani yake: filamu ya kigeni inaonyeshwa, na msimuliaji anaifasiri papo kwa papo, akieleza, akiongeza, akimkosoa mwigizaji, akimpa jina jipya. Nilikuwa nimejiandaa kufasiri mimi mwenyewe, kwa uangalifu wa kitaaluma. Mpwa wangu akaniambia, “Mjomba, wewe pumzika. Hawa niachie mimi.”

Nikamwachia. Dakika ya kwanza tu akampa Homer sauti ya mzee mmoja wa kijiji anayejulikana kwa kupenda shughuli zenye pilau, na kiwanja kikalipuka. Tangazo la ndege lilipofika, alilifasiri kama lilivyo, kisha akaongeza la kwake: “Abiria, tunakaribia Mafia. Samahani, panaitwa Kilindoni ya Vodacom. Samahani tena, ni Jamhuri ya Tigo, salio lako halitoshi.” Watu walicheka hadi akina mama wakashika mbavu. Pepsi ya Wamarekani ilikuwa imegeuka mikononi mwake kuwa mzaha wetu kuhusu mambo yetu, maana minara ya simu ilikuwa inaota kisiwani kote.

Mjomba naye alicheka, kisha akasema maneno ambayo nimeyasimulia darasani mara nyingi. “Hawa wamesema kweli. Mimi nimezaliwa Tanganyika. Sikuhama, sikupanda hata gari. Siku moja nikaamka ni Mtanzania.”

Nilitaka kumweleza kwamba hiyo ilikuwa kauli nzito kuliko alivyodhani. Kisiwa hiki kilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar hadi Wajerumani walipokitwaa mwaka 1890, pamoja na mwambao wa Tanganyika. Waingereza wakakiteka Januari 1915, wakati manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilipokuwa imejificha katika mikono ya mto Rufiji. Na kwa kuwa hawakuwa na stempu za kisiwa, walizichukua za Wajerumani na kuzigongea juu yake herufi za mfalme wao pamoja na neno MAFIA. Jina la Tanganyika lenyewe lilipewa nchi mwaka 1920, na jina la Tanzania mwaka 1964, baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili. Mtungaji wa Kimarekani alifanya mzaha bila kujua. Kumbe alikuwa amegusa historia ya mahali ambapo majina hugongwa juu ya majina. Sikusema lolote kati ya hayo. Kwa mara ya pili katika maisha yangu, kipindi kile kilinikuta nimenyamaza huku wengine wakicheka, lakini safari hii waliokuwa wakicheka walikuwa watu wa kwetu.

Kipindi kilipokwisha nilimwuliza mjomba, “Hukuona kwamba wametudharau?” Nikamweleza habari za Kitenge na Muntu, na hasira yangu, na waraka. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, “Mwanangu, hao hawatujui. Asiyekujua atakuchekaje wewe? Anacheka kitu alichokichora mwenyewe.” Akanyamaza kidogo. “Mama yangu alichekwa na anayemjua.”

Hakuongeza neno. Hakukuwa na haja.

5.0 Bibi

Nilikwenda Bara kuanza kidato cha kwanza mwaka 1985, katika shule ya bweni. Siku za mwanzo nilitaniwa kama wanavyotaniwa wote watokao visiwani: kwamba nimefika kwa ungo, kwamba nikikasirika mvua itanyesha, kwamba nasema kama kasuku mwenye mafua. Kilichowachekesha zaidi kilikuwa maneno fulani niliyokuja nayo kutoka kwa bibi, mama wa mama yangu, aliyenilea. Bibi alikuwa msemaji wa Kingome, lahaja ya vijiji vya kaskazini ya kisiwa chetu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2004, makala iliyochapishwa katika jarida la Swahili Forum ilikieleza Kingome kuwa ni lahaja inayotoweka. Mwaka 1985 sikujua kwamba ni lahaja. Nilidhani ni aibu.

Mtoto anayechekwa ana njia mbili: kulia, au kuwachekesha wanaomcheka kabla hawajaanza. Mimi nilichagua ya pili. Nilitunga igizo. Nilijifunga shuka kiunoni kama kanga, nikainama, nikatembea kama bibi na kusema kama bibi. Nilikuwa na sikio zuri. Ndilo sikio lililokuja kunipa shahada tatu. Siku za Jumamosi usiku mabweni mengine yalikuja kunitazama. Nilipata jina, nikapata marafiki, na hadi kidato cha tatu nilikuwa nimeacha kabisa kusema vile isipokuwa jukwaani.

Katika likizo moja, binamu yangu aliyesoma shule ileile alitaka kuifurahisha familia. Mbele ya bibi, akaigiza jinsi mimi ninavyomwigiza bibi. Nilikuwepo. Bibi alicheka. Alicheka kwa sauti, akapiga makofi, akasema mtoto huyu ana akili. Lakini tangu jioni ile hakuzungumza nami tena kwa lugha yake. Alizungumza nami Kiswahili cha redio, polepole, akikiteua, kama anavyozungumza mtu na mganga wa serikali. Kwa wengine wote aliendelea kama zamani. Nikiingia jikoni, mazungumzo yalibadilika. Ilinichukua miaka kutambua kwamba mlango ulikuwa umefungwa, kwa sababu ulifungwa bila kishindo.

Mwaka 1996, nikiwa mkufunzi kijana, nilirudi na kinasa sauti na kanda sita. Nilikuwa nimekwisha kujua thamani ya kile alichokuwa nacho bibi. Nilimwomba anisimulie ngano, mambo ya kilimo, ya mwani, ya harusi. Alikubali kila kitu na akasimulia kila kitu. Kanda zote sita zimejaa, na zote sita ni Kiswahili sanifu, kizuri, chenye adabu. Nilipomsihi aseme kama alivyokuwa akisema zamani, alitabasamu na kuniambia kwamba ameyasahau mambo hayo ya ushamba. Dakika chache baadaye nilimsikia nyuma ya nyumba akimgombeza mbuzi, naye hakuwa amesahau hata silabi moja.

Alifariki mwaka 1999, nami nikiwa Ulaya. Sikuhudhuria maziko.

Wasomaji wenzangu wa lahaja watatarajia nitoe hapa mifano ya maneno niliyokuwa nikiyaigiza. Sitafanya hivyo katika insha hii. Niliyatoa ya kutosha jukwaani.

6.0 Utani na dhihaka

Lugha yetu ina msamiati mpana wa kicheko: utani, mzaha, masihara, kejeli, kebehi, dhihaka, stihizai. Kamusi huelekea kuyaeleza maneno hayo kwa kurejeshana. Napendekeza kwamba tofauti iliyo ya msingi haiko katika ukali wa maneno, bali iko katika haki ya kujibu. Utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo uliokuzwa na misafara ya zamani, unaweza kuwa mkali mno. Mtani huweza kuvuruga hata msiba. Lakini ni mkataba wa pande mbili: leo wewe, kesho mimi. Dhihaka ni ya upande mmoja. Anayedhihakiwa hana zamu.

Kwa kipimo hicho, The Simpsons, ilipotoka Marekani, ilikuwa dhihaka kwetu, maana hatukuwa na zamu. Ilipofika Bweni iligeuka kuwa utani, kwa sababu msimuliaji alijipa zamu mwenyewe. Hakuandika waraka. Alimchukua Homer, akamvisha sauti ya kijijini, akamrudisha kwa waliomtuma. Hicho ndicho ambacho kurasa zangu sita zilishindwa kukifanya. Na kwa kipimo hichohicho, igizo langu la shuleni lilikuwa dhihaka tupu. Bibi hakuwepo ukumbini ili anijibu. Zamu yake ilipokuja, alijibu kwa njia pekee aliyobakiwa nayo: aliniondolea lugha yake. Groening aliazima majina ya nduguze na kuyatia katika uongo mtupu. Mimi niliichukua sauti halisi ya mtu halisi.

Mara nyingi tunaandika kwamba lahaja hufa kwa sababu ya shule, redio, uhamiaji na ndoa za mseto. Sababu hizo zote ni za kweli. Lakini ziko juu kama mawingu, na mvua yake huonekana kana kwamba haina mwenyewe. Huku chini, lahaja hufa mbele ya mtu fulani, siku fulani, kwa kicheko fulani. Kwa Kingome cha bibi yangu, mtu huyo nilikuwa mimi.

7.0 Hitimisho

Nirudi Bweni kidogo. Baada ya mjomba kusema aliyosema, watu hawakuondoka. Jenereta ilikuwa bado na mafuta, na watoto walitaka kipindi kingine. Katika kipindi hicho cha pili mpwa wangu aliamua kumsemesha Marge, mama wa familia ile, Kingome cha mabibi wa zamani. Yeye ni kijana. Alikijua nusu tu. Alipokosea, mwanamke mzee aliyekaa nyuma alimkatiza: siyo hivyo, husemwa hivi. Mwingine akampinga huyo: hivyo ni vya Kanga, sisi Bweni husema vingine. Mjomba akaingia. Kwa muda wa nusu saa katuni iliendelea peke yake bila kutazamwa, huku watu wakibishana, wakichekana na kusahihishana juu ya jinsi ambavyo mwanamke wa manjano mwenye nywele za buluu angemgombeza mumewe kama angezaliwa Bweni. Nilisikia maumbo ya vitenzi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utotoni. Nilisikia mengi kuliko yaliyomo katika kanda zangu sita.

Nilikuwa na daftari mfukoni. Nilimwendea mjomba nikamwomba ruhusa, naye akawauliza waliokuwepo. Yule bibi wa nyuma akasema niandike, lakini nisome kwa sauti nilichoandika ili wahakikishe. Nikasoma. Nilikosea mara nyingi, nao wakanicheka mno. Ilikuwa zamu yao.

Kutokana na hayo nina mapendekezo mawili kwa watafiti wa lahaja. Kwanza, mbinu yetu ya kumketisha mzee mbele ya kinasa sauti na kumwuliza “hiki mnakiitaje?” huzaa, mara nyingi, lugha ya adabu aliyoiandaa kwa ajili ya mgeni. Mahali pa mchezo, penye usimulizi na masahihisho ya wasemaji wenyewe kwa wenyewe, panaweza kuzaa zaidi. Na vibanda vya video, ambavyo tumezoea kuvilaumu kwa kuharibu lugha, ni mojawapo ya mahali hapo. Pili, katika shule za bweni, walimu wa Kiswahili waangalie kinachochekwa mabwenini Jumamosi usiku. Mwanafunzi anayeigiza lugha ya nyumbani kwao kwa kipaji kikubwa, na ambaye hawamsikii akiisema kwa dhati popote, aitwe kando azungumziwe. Mimi hakuna aliyeniita.

Mjomba alifariki mwaka 2014. Mpwa wangu ameacha kusimulia filamu, maana vijana sasa hutazama kila mtu katika simu yake, naye anafanya kazi na watalii wanaokuja kuogelea na papa potwe karibu na Kilindoni. Wageni wakimwuliza kuhusu jina la kisiwa, huwaambia kwamba wenyeji wote ni majambazi wastaafu. Hucheka, naye hucheka. Kisha huwauliza wametoka wapi, na hapo zamu yake huanza.